Krimu za Steroidi Usoni, Kinenani na Kwenye Mikunjo ya Mwili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo mfamasia huulizwa dirishani karibu kila wiki, mengi yakiulizwa kwa sauti ya chini kwa sababu yanahusu sehemu za mwili ambazo watu huona haya kuzitaja. Yameandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari ana tyubu mkononi na anajiuliza kama aipake au asiipake. Hayachukui nafasi ya kuonwa na daktari, na pale ambapo ni lazima uonwe nimesema hivyo waziwazi.

Krimu ya steroidi ni dawa gani, na nitaitambuaje?

Steroidi za kupaka ni dawa zinazoiga homoni ya kotisoli, ambayo mwili huitengeneza wenyewe katika tezi ndogo zilizokaa juu ya figo. Zikipakwa kwenye ngozi hutuliza mwasho na uvimbe, hubana mishipa midogo ya damu na kupunguza ukali wa kinga ya mwili mahali hapo. Haidrokotisoni, ambayo ndiyo mama wa kundi hili, ilianza kuonyesha mafanikio kwa wagonjwa wa ngozi mwaka 1952, na tangu hapo dawa hizi zimewapa nafuu kubwa wenye pumu ya ngozi. Hazina uhusiano na zile steroidi za watunisha misuli.

Kuitambua kunahitaji kusoma maandishi madogo ya pembeni, kwa kuwa jina kubwa la mbele ni la biashara tu. Ukiona neno linaloishia na "sone", au ukiona clobetasol, kwa kawaida umeshika steroidi. Hata baadhi ya dawa za kupaka za bawasiri zina steroidi ndani yake, jambo ambalo wengi wanaozitumia hawalijui.

Dawa hii iliniponyesha mguuni. Kwa nini nikatazwe kuipaka usoni au kinenani?

Kwa sababu ngozi ya mwili mmoja si moja. Mwaka 1967 watafiti wawili wa Marekani, Feldmann na Maibach, waliwapaka watu haidrokotisoni kiasi kilekile katika sehemu mbalimbali za mwili, kisha wakapima kiasi kilichopenya. Wakichukua mkono, upande wa ndani chini ya kiwiko, kuwa kipimo cha moja, walikuta kwamba paji la uso lilipitisha mara 6 zaidi, taya mara 13, na ngozi ya korodani mara 42. Wayo wa mguu ulipitisha takriban sehemu moja ya saba tu.

Fikiria maana ya hesabu hiyo. Tone lililokuwa dogo mguuni huwa dozi kubwa kinenani, ingawa tyubu ni ileile na kidole ni kilekile. Ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini. Kwenye kwapa, chini ya matiti na katikati ya mapaja kuna jambo la pili: ngozi hugusana na ngozi, jasho halikauki, na joto lile hufanya kazi kama kifuniko cha sufuria, likiisukuma dawa ndani zaidi. Ndiyo maana michirizi ya kudumu itokanayo na steroidi hupenda kutokea sehemu hizo. Michirizi hiyo ikishatokea haifutiki. Hufifia kidogo tu kadiri miaka inavyopita.

Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya tyubu yoyote huwa ni "inapakwa wapi?", kabla hata ya kuuliza ugonjwa umekuwa mkali kiasi gani.

Yangu ni asilimia 0.05 tu. Si ndogo kuliko ile ya asilimia 1?

Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Asilimia hulinganishwa pale tu ambapo dawa ni ileile. Haidrokotisoni ya asilimia 1 ni dawa hafifu, lakini klobetasoli ya asilimia 0.05 imo katika kundi la zenye nguvu kuliko zote, na hukadiriwa kuishinda haidrokotisoni mara mia kadhaa. Uingereza huzigawa dawa hizi katika madaraja manne na Marekani katika saba, ila kwa matumizi ya nyumbani inatosha kukumbuka hivi: haidrokotisoni ni hafifu, klobetasoni (angalia sana, si klobetasoli) ni ya kati, betamethasoni valereti ya asilimia 0.1 na mometasoni ni kali, na klobetasoli ni kali mno. Klobetasoni na klobetasoli zinatofautiana herufi chache tu kwenye boksi, na nimeona zikibadilishwa kimakosa kwa sababu hiyo.

Basi ni ipi inafaa sehemu zipi?

Usoni na shingoni, anza na hafifu, yaani haidrokotisoni ya asilimia 1. Ya kati inaweza kuhitajika siku chache pale pumu ya ngozi inapowaka, kwa maelekezo ya daktari. Kwapani, kinenani na chini ya matiti ni vilevile, ingawa daktari anaweza kukupa ya kati au hata kali kwa muda mfupi uliohesabiwa. Kwenye kope usijiamulie mwenyewe. Sehemu za siri zisipakwe steroidi ya aina yoyote kabla ya ugonjwa kujulikana jina, kwa sababu kule vitu vinavyowasha ni vingi na vingi kati yake huchochewa na steroidi. Ndani ya uke usiingize kabisa krimu ya ngozi.

Nipake kiasi gani? Nimeambiwa "paka kidogo", na kidogo sikijui.

Hata mimi sikipendi kipimo hicho. Kipo kipimo bora, kilichoelezwa na madaktari wa Uingereza mwaka 1991, nacho ni ncha ya kidole. Minya dawa kutoka kwenye tyubu ya kawaida iwe mstari mmoja kuanzia kwenye kiungo cha mwisho cha kidole cha shahada hadi nchani. Mstari huo ni karibu nusu gramu, na unatosha eneo la ukubwa wa viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake.

Uso mzima pamoja na shingo ya mtu mzima huhitaji mistari miwili na nusu, lakini ni nadra uso mzima kuugua. Kope mbili au kipande cha kinena havifikii hata nusu ya mstari. Mtoto hupimiwa kwa kidole cha mtu mzima na si chake, na eneo lake ni dogo, hivyo mistari hupungua. Paka palipougua tu, mara moja au mbili kwa siku kama ulivyoelekezwa. Mara tatu haziongezi uponyaji. Kama unatumia pia mafuta ya kulainisha ngozi, acha karibu nusu saa kati ya hayo na dawa, la sivyo dawa itatembea hadi mahali ambapo hukuikusudia. Nawa mikono ukimaliza, isipokuwa kama mikono ndiyo inayotibiwa.

Kwa siku ngapi?

Usoni na kwenye mikunjo, haidrokotisoni isizidi siku 7 bila kuonwa. Ya kati, kwa kawaida siku 3 hadi 5 usoni, na wiki moja hadi mbili kwapani na kinenani, daktari akiwa ameelekeza. Klobetasoli, hata kwenye ngozi ngumu, haipaswi kuzidi wiki mbili mfululizo wala gramu 50 kwa wiki bila usimamizi.

Ukiona nafuu siku ya tatu, na mwasho na uvimbe vimekwisha, unaweza kuacha. Usipoona nafuu yoyote ndani ya wiki, usiongeze siku wala usipande daraja: uwezekano mkubwa ni kwamba ugonjwa si ule uliodhaniwa.

Nina mwasho mapajani. Muuzaji amenipa krimu ya "tatu kwa moja". Inafaa?

Swali hili linastahili jibu refu, kwa kuwa krimu hizi ndizo zinazouzika kuliko zote na ndizo zinazoharibu ngozi nyingi. Ndani yake huwa na dawa ya fangasi, dawa ya bakteria, na steroidi, ambayo mara nyingi ni betamethasoni au hata klobetasoli. Muuzaji huipenda kwa sababu inamwondolea kazi ya kuuliza: likiwa fangasi litapona, likiwa bakteria litapona, likiwa mzio litapona. Kumbe mwili hauendi hivyo.

Chukua mfano wa kijana wa bodaboda. Anakaa juu ya pikipiki kutwa, suruali ni ya jinzi, jasho halina pa kwenda, naye anapata fangasi wa mapajani. Fangasi huyo huanza kama duara lenye ukingo ulioinuka na magamba, na katikati panaonekana kama pamepona. Anapaka tatu kwa moja. Usiku wa kwanza analala vizuri baada ya wiki mbili za kujikuna, kwa sababu steroidi imezima mwasho. Siku ya tano anaacha, na mwasho unarudi, anapaka tena. Steroidi imeshusha kinga mahali pale, kwa hiyo fangasi anatambaa taratibu bila kelele, akielekea matakoni na tumboni, na ule ukingo wa duara unapotea. Mwezi wa tatu anapofika kliniki, hata tabibu mzoefu hawezi kuutambua kwa macho mpaka akwangue ngozi na kuiangalia kwa darubini. Wakati huohuo ngozi ya ndani ya paja imeshaanza kupasuka michirizi.

Fangasi wa mapajani hutibiwa kwa krimu ya fangasi peke yake, kama vile klotrimazoli, kwa wiki mbili hadi nne, na mtu huendelea kupaka kwa muda hata baada ya alama kutoweka. Aliyekwisha kutumia tatu kwa moja atarajie mwasho kupanda kwa siku chache anapoiacha, asitishike akairudia. Likiwa limesambaa sana, atahitaji dawa ya kumeza.

Upele nao hudanganya vivyo hivyo. Ukiona mwasho unazidi usiku, na watu wengine nyumbani wanajikuna, hasa katikati ya vidole na kwenye sehemu za siri, mnahitaji dawa ya upele kwa nyumba nzima, na steroidi itawachelewesha tu.

Mtoto wangu ana vipele vya nepi. Naweza kumpaka?

Vipele vingi vya nepi hutokana na mkojo na kinyesi kukaa kwenye ngozi, na tiba yake ni kubadilisha nepi mara kwa mara, kumsafisha kwa maji bila kusugua, kumwacha wazi apate hewa, na kumpaka marhamu ya zinki kama kinga. Kama wekundu umeingia hadi kwenye mikunjo na kuna vipele vidogo vilivyotawanyika pembeni kama watoto waliozunguka mama yao, huenda ni fangasi, na hapo hupakwa klotrimazoli au nistatini.

Steroidi chini ya nepi ni jambo la kuhofia. Nepi ya dukani, au ile ya kitambaa iliyofunikwa chupi ya plastiki, huifungia dawa kwenye ngozi, na mtoto mchanga ana ngozi nyingi ikilinganishwa na uzito wake. Mama mmoja aliniletea tyubu ya tatu kwa moja iliyokunjwa kutoka chini hadi shingoni, kama ya dawa ya meno inayokaribia kwisha, akitaka nyingine. Ilikuwa ya nne tangu mtoto azaliwe. Mtoto alikuwa na mashavu yaliyojaa na uso wa mviringo ambao majirani waliusifu kuwa ni afya. Nilimwomba asiiache ghafla wala asinunue nyingine, bali aende hospitali siku ileile, kwa sababu mtoto aliyefikia hapo huenda tezi zake zimelala na hazitengenezi tena homoni yake mwenyewe.

Daktari anaweza kuagiza haidrokotisoni ya asilimia 1 kwa siku chache vipele vinapokuwa vikali. Agizo hilo ni la siku hizo tu; tyubu iliyobaki haihifadhiwi kwa ajili ya mdogo wake.

Kope zangu zinawasha na kuvimba. Nifanyeje?

Kwanza tafuta kinachochokoza: wanja, gundi ya kope za bandia, rangi ya nywele, rangi ya kucha inayogusa jicho unapojifikicha. Mara nyingi kuacha kitu hicho ni nusu ya tiba. Steroidi iliyopakwa kwenye kope hupenya au kuingia jichoni, na ikitumika muda mrefu inaweza kupandisha shinikizo la jicho, yaani presha ya macho, na kuleta mtoto wa jicho. Presha ya macho haiumi. Mtu hugundua akiwa ameshapoteza sehemu ya uwezo wa kuona. Kwa hiyo kope ni za kuonwa na daktari, na ukiwa umekwisha kupaka kwa wiki kadhaa, omba upimwe presha ya macho.

Ngozi yangu ni nyeusi, na wekundu siuoni. Nitajuaje kuwa nimepona?

Vitabu vingi vimeandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe, ndiyo sababu husema "wekundu". Kwenye ngozi nyeusi uvimbe huonekana kama weusi uliokolea, zambarau au kijivu, kwa hiyo tumia vidole na hisia: je, pamenyanyuka, ni pa moto, panakwaruza, panawasha? Vyote vikiwa vimekwisha na limebaki doa jeusi lililo laini, ugonjwa umepona. Doa lile ni kovu la rangi, nalo hujiondokea lenyewe kwa miezi. Watu wengi huendelea kupaka steroidi wakilifuata doa hilo, na hivyo hupata kinyume chake: ngozi kuwa nyembamba na kupauka kuliko pembeni. Mpauko huo kwa kawaida huondoka ukiacha dawa, ila huchukua muda mrefu.

Krimu ya kung'arisha uso ina uhusiano gani na haya?

Mkubwa. Mkorogo mwingi, ule unaochanganywa na kuuzwa kwenye vikopo visivyo na maandishi, hupata nguvu yake kutoka klobetasoli au betamethasoni, mara nyingine pamoja na haidrokwinoni au zebaki. Tanzania hairuhusu vipodozi vyenye viambato hivyo. Anayejipaka mkorogo mwili mzima kila siku anatumia dozi ambayo hakuna daktari angethubutu kuiandika. Ukienda kutibiwa ngozi, taja mkorogo hata kama hukuulizwa. Tabibu hatakuhukumu, lakini bila habari hiyo atatibu chunusi ambazo si chunusi.

Nimepaka usoni kwa miezi mingi, na kila nikiacha uso unawaka kama umepakwa pilipili. Nimefungwa?

Kwa namna fulani, ndiyo. Ngozi iliyozoea steroidi huchachamaa inapoikosa: uso huwa wa moto, hutoa vipele vidogo vyenye usaha kuzunguka mdomo na pua, na mwenyewe huamini kwamba ugonjwa wa awali umerudi. Akipaka tena hupata nafuu ya siku mbili, na mduara unaendelea. Njia ya kutoka ipo, lakini huchukua wiki au miezi, na wengine hushushwa daraja kwa daraja, wengine hupewa vidonge vya antibayotiki vinavyotuliza vipele hivyo. Usijaribu peke yako kama ulikuwa unapaka dawa kali mwilini kote. Uchovu mzito, kizunguzungu unaposimama, au kutapika baada ya kuacha ni sababu ya kwenda hospitali bila kungoja kesho.

Nina mimba. Na nikinyonyesha je?

Haidrokotisoni na dawa za kati hutumika katika ujauzito kwa maelekezo. Dawa kali zikitumika kwa wingi zimehusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo, hivyo mwambie mkunga unachopaka. Ukipaka kwenye chuchu, paka baada ya kunyonyesha na ufute kabla ya kunyonyesha tena.

Daktari amenipa klobetasoli nipake sehemu za siri. Je, amekosea?

Si lazima. Baada ya onyo lote hilo, lazima niseme hili kwa uzito uleule. Kuna ugonjwa unaoleta mabaka meupe na mwasho mkali ukeni kwa nje, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi, na wanaume nao huupata kwenye uume. Usipotibiwa huacha makovu yanayobana, na wakati mwingine saratani huota juu yake. Tiba yake inayokubalika ni hiyohiyo klobetasoli, kwa ratiba inayopungua kwa miezi mitatu hivi, na mgonjwa akirudi kuangaliwa. Nimewahi kuwapata akina mama waliosoma karatasi ya ndani ya boksi, wakaona "usipake sehemu za siri", wakaificha dawa kabatini na kuendelea kuteseka. Kama ugonjwa umetajwa kwa jina na tarehe ya kurudi imepangwa, fuata ratiba uliyopewa.

Kuna mbadala usio steroidi?

Upo: takrolimasi, marhamu ya asilimia 0.03 au 0.1, ambayo haifanyi ngozi kuwa nyembamba na hufaa kwa pumu ya ngozi ya usoni na kwenye kope. Huchoma kidogo siku za mwanzo, bei yake iko juu, na haipatikani kila duka.

Hapa kwetu hakuna daktari wa ngozi. Niende wapi?

Uliza hospitali ya wilaya au ya mkoa kama ina kliniki ya ngozi. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimefundisha matabibu wa ngozi kwa miaka mingi, si madaktari bingwa pekee, na wahitimu wake wanafanya kazi katika hospitali nyingi nje ya miji mikubwa. Unapokwenda, beba kila tyubu na kila kikopo ulichotumia, hata vitupu, na usipake chochote asubuhi hiyo.